Onyesho Lisilo na Kofi

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Usishtuke kuona barua. Juzi nilikupigia simu, akapokea mama mkwe wako, akaweka spika, na kabla sijakuuliza hali nikawa nimesalimiwa na nyumba nzima pamoja na mteja aliyekuja kuchukua suruali zake. Mteja akaniuliza kama nimeshaolewa. Nikaona bora posta.

Nina shida kazini. Unaijua tamthilia ninayoiandikia, ile ya familia yenye duka la vifaa vya ujenzi. Wiki iliyopita mtayarishaji aliniita ofisini, akafunga mlango, akavua miwani. Akivua miwani ujue mtu anafukuzwa. Akasema, "Umeua watu, mmoja umemfufua, nyumba umeichoma. Kila anayefungua mdomo anatoa siri, halafu anapigwa kofi. Lakini nikikuuliza yule mama mkwe ni mtu wa namna gani, unaweza kunijibu?"

Nikamwambia ni mkali.

"Pilipili ndiyo kali," akasema. "Mimi nataka mtu."

Basi ananidai onyesho moja ambamo hakuna kinachotokea. Hakuna siri, hakuna kofi. Watu wamekaa, wanaongea maneno ya bure, na likiisha mtazamaji awe anawafahamu kama ndugu zake. Nikishindwa, mkataba wangu hauongezwi.

Dada, mimi naishi peke yangu. Chumbani kwangu anayeongea ni friji. Wewe umezungukwa na watu wasionyamaza. Nakuomba uniandikie mazungumzo yenu ya siku yoyote, neno kwa neno. Usichague ya maana. Yakiwa ya kipuuzi ndiyo vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Kasuku


11 Februari

Kasuku,

Jina hilo tulikupa kwa sababu kila ulichosikia jikoni ulikirudia mbele ya wageni. Leo unalipwa mshahara kwa tabia ileile tuliyokuchapia. Haya.

Umeniomba maneno ya bure, mimi nakuletea ushahidi. Soma mwenyewe uone ninavyoishi na mama huyu.

Ilikuwa Jumanne mchana. Unakijua chumba chetu cha mbele, ndicho cha kazi: meza ya pasi, kamba, marundo ya nguo za watu. Mama mkwe ndiye mwenye biashara na ndiye mwenye sauti. Mimi nilikuwa kwenye pasi. Shemeji yangu Profesa, aliyepata jina hilo kwa kusoma chuo muhula mmoja, alikuwa amekaa dirishani akifikiri. Mume wangu aliingia baadaye kutoka kwenye kazi yake ya kusoma mita za maji.

MAMA: Hiyo kola imekukosea nini? Mbona unaipiga pasi kama unaiadhibu?

MIMI: Inakaribia kwisha, Mama.

MAMA: Profesa, mpishe shemeji yako hapo dirishani.

PROFESA: Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi.

MAMA: Ndiyo maana. Umemaliza hewa yote. Toka.

PROFESA: Shemeji mwenyewe hajalalamika.

MAMA: Nimekuuliza kama amelalamika? Na hiyo dawa ya madoa itoe nje, inanuka.

MIMI: Mama, si tunaitumia humu ndani siku zote?

MAMA: Leo inaniumiza pua. Pua ni yangu au yako?

(Hapo nikainama ninyanyue beseni la mashuka mabichi.)

MAMA: Weka chini! Utayaburuza sakafuni nianze kufua upya. Profesa, beba.

PROFESA: Mama, mgongo wangu…

MAMA: Mgongo ambao haujawahi kufanya kazi unauma nini?

MUME WANGU (anaingia): Kuna chakula?

MAMA: Kipo jikoni, na miguu unayo. Mpakulie na mkeo. Hiyo nyama iliyobaki mpe yeye, mimi meno yananisumbua.

MUME WANGU: Si jana ulikuwa unatafuna mfupa?

MAMA: Ndiyo yakaanza kusumbua.

(Mama ananitazama, anatazama saa.)

MAMA: Tufunge kazi mapema leo. Macho yananiuma.

Umeona? Kanisema kwa kola, kaniaibisha kwa beseni mbele ya shemeji, kanipa makombo ya nyama kama paka, na nilipoanza kushika kasi ya kazi akafunga. Kila siku macho, meno, pua. Mwanamke huyo ana viungo vingi kuliko sisi wengine.

Nakwambia siri. Mume wangu ameshapata vyumba viwili, ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji. Tunahama mwisho wa Machi. Mama hajui, na atajua siku gari la mizigo litakapokuwa mlangoni, maana akijua mapema tutahukumiwa mpaka masikio yaote sugu. Nataka mlango wangu, Kasuku. Nataka kupiga pasi kola moja bila hakimu.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Kaa chini kwanza.

Ushahidi wako niliuandika upya haraka haraka, nikaupeleka kwenye usomaji. Tunakaa mezani waigizaji wote, kila mmoja anasoma maneno yake kwa sauti kabla ya kamera kuja. Mama mkwe wa tamthilia tunamwita Bi Mkubwa, mama mtu mzima aliyeigiza tangu mimi sijazaliwa. Katika hadithi yangu ameshamwekea mkamwana wake sumu mara mbili. Akasoma ukurasa mmoja. Akaurudia. Halafu akaniuliza, kwa utulivu kabisa:

"Huyu mkamwana ana mimba ya miezi mingapi?"

Nikacheka. Nikasema hakuna mimba, Bi Mkubwa, wanaongea tu maneno ya bure.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyevaa nguo kinyume. "Mwanangu, kamhamishia dirishani. Dawa inayonuka katoa nje. Beseni zito kamnyang'anya. Nyama kampa yeye. Kazi kaifunga. Na yote kayasema kwa kumgombeza, ili asijue kwamba amejua. Sasa unaniambia hakuna mimba?"

Meza nzima ikaanza kunong'ona. Yule anayeigiza mtoto mvivu akasema hata yeye aliona ajabu kunyang'anywa kiti bila kosa. Fundi wa sauti, ambaye hafungui mdomo kwa sababu kazi yake ni kusikiliza, akavua vile vitu masikioni, akasema, "Mama peke yake ndiye anayejua. Wengine wote wamelala." Mtayarishaji akavaa miwani. Akaniambia, "Sasa umeanza kuandika."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Miezi mitatu. Nilikuwa nawapima tu."

Nimeongezewa mkataba. Lakini niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana katika chumba kile chote asiyeelewa alikuwa mwandishi.

Dada, niambie ukweli. Una mimba?

Kasuku


24 Februari

Kasuku,

Sina. Wewe na waigizaji wako tafuteni kazi ya kufanya.

Dada yako


25 Februari

Kasuku,

Ninayo.

Ni miezi mitatu kweli, umebahatisha, na huyo Bi Mkubwa wako ni mchawi. Anayejua ni mume wangu tu, naye nimemwapisha. Usininunie kwamba sikukwambia. Wewe ukijua, jirani yako anajua.

Nimeficha kwa sababu moja. Mama akipata habari hii, mtoto atakuwa wake kabla hajazaliwa. Atampa jina, atampa ratiba, atanipangia nilale ubavu gani. Nitabaki mgeni kwenye tumbo langu mwenyewe. Ndiyo maana nimeamua: tunahama kwanza, tunasema baadaye.

Na hao waigizaji wako waambie wamekosea. Mama hajui. Mtu ambaye hawezi kunyamazia kola, ataweza kunyamazia mimba?

Hilo onyesho usilirushe. Nyumba hii hutazama tamthilia yako kila Alhamisi, mlango wazi, na majirani wanakuja na viti vyao. Nakusihi.

Dada yako


1 Machi

Dada yangu,

Hongera! Nililia, nikacheka, nikaiambia friji. Jirani sijamwambia, na ujue imenigharimu.

Sasa usinipige. Limesharekodiwa. Linaruka Alhamisi hii.

Lakini nimelificha vizuri, hata wewe hutajitambua. Hakuna udobi, ni duka la vifaa vya ujenzi. Pasi nimeifanya brashi ya rangi. Dawa ya madoa nimeifanya mafuta ya taa. Beseni la mashuka ni ndoo ya misumari, na badala ya kugombezwa kwa kola unagombezwa kwa kupaka rangi mlango kama unaupiga. Ni watu wengine kabisa.

Ukiona bado una wasiwasi, haribu antena.

Kasuku mwenye hatia


8 Machi

Kasuku,

Antena! Nilimwomba Profesa apande akailegeze, nikamwambia inapiga kelele usiku. Tangu nimeolewa sijamwona akishika hata nyundo. Jana alipanda, akakuta waya umelegea wenyewe, akaukaza. Hatujawahi kuwa na picha safi namna ile. Majirani walimpigia makofi.

Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, roho mkononi. Onyesho likaanza. Yule kijana mvivu wa dirishani alipofukuzwa kwenye kiti, Profesa akasema kwa sauti, "Kuna watu wa hivi kweli? Mimi mtu kama huyo ningemchapa." Yalipofika maneno ya mgongo, mume wangu akapaliwa na maji ikabidi apigwe mgongoni. Jirani mmoja akamgeukia Mama akasema, "Huyo mama kama namjua." Mama alikuwa anakunja foronya. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, ileile.

Halafu Bi Mkubwa wako akasema macho yanamwuma. Kamera haikuondoka usoni kwake. Alimtazama yule mkamwana tumboni, akatabasamu kidogo tu, na msichana alipoinua kichwa, akageukia ukutani haraka asikamatwe.

Kasuku, mimi Jumanne ile nilikuwepo. Nilisimama hatua chache kutoka kwa Mama, neno kwa neno nililisikia, nikakuandikia kwa mkono wangu, na sikuona kitu. Nimekuja kuliona kwenye TV, pamoja na majirani. Nililia, nikasingizia mafuta ya taa ya kwenye picha, na mume wangu akaniambia harufu haipiti kwenye kioo.

Mama aliinuka kabla kipindi hakijaisha. Akasema, "Huyo mama ana maneno mengi. Mimi nisingeweza kuishi naye." Akaingia chumbani kwake.

Anajua. Na amenyamaza wiki zote hizo, yeye ambaye habari ya kukatika kwa kifungo huitangaza mpaka kona ya mtaa.

Kuhama bado nataka. Hilo halijabadilika, mlango wangu nautaka uleule. Ila jambo la gari kuja ghafla mlangoni sasa siliwezi. Nikimwambia nina mimba na nahama, atasikia kwamba namkimbizia mjukuu. Nikinyamaza nikaondoka, itakuwa vilevile. Sijui namna ya kutoka katika nyumba hii bila kumvunja moyo, na mwezi unakwisha.

Nimekukasirikia. Asante.

Dada yako


10 Machi

Binti yangu wa kwenye TV,

Salamu. Nitaandika kwa kifupi, nina mashuka ya hoteli yananingoja.

Yule mwigizaji wako ni mzuri lakini mwambie akate kucha. Mwenye duka la misumari hana kucha zile. Na ndoo ya misumari mtu haishiki kwa vidole viwili kama kikombe. Ukitaka watu wakuamini, wape uzito.

Usijisumbue kukana. Mimi wanangu nawajua hata ukiwavalisha kofia za ujenzi. Barua zako mtu wa posta hunikabidhi mimi. Sijafungua hata moja. Nilizishika tu kwenye mwanga wa taa, na kwa kuwa una mwandiko mbaya sikuambulia kitu.

Mimba nilijua kabla ya mwenye mke. Mkamwana wangu alianza kugeuza uso kwenye dawa ya madoa, na asubuhi moja akamtukana Profesa bila kosa, ingawa makosa anayo. Nikajua. Mimi nina mdomo, mtaa mzima utakwambia. Lakini habari ya mimba ni ya mwenyewe. Yangu ya kwanza mama mkwe wangu aliitangaza kwa wageni wakati wa chai, kabla sijaifurahia hata siku moja peke yangu. Nilimchukia kwa hilo mpaka tukamzika. Nikaapa mimi sitafanya vile. Ila nakwambia kweli, kukaa kimya kumenichosha kuliko kufua.

Habari ya vyumba ninayo pia. Mwenye nyumba ile ananiletea mashati yake. Ngazi zake hazikuwa na chuma cha kushikia. Nimemwambia achague kati ya kuweka chuma na kuvaa mashati yenye mikunjo.

Sasa nina ombi, na sijazoea kuomba. Najua hadithi yenu itafika mahali kijana na mkewe wanahama, maana Kasuku ukishika kitu hukiachi. Usimwandike yule mama akiwalilia wabaki. Mtu akililiwa machozi hubaki kwa huruma, na mimi siwezi kukaa nyumba moja na huruma. Waache wahame. Ila siku moja mwandike yule mama anapanda ngazi mpaka juu, anapiga hodi. Halafu uoneshe kama mlango unafunguliwa.

Nataka kuona kwanza kwenye TV. Pengine na mimi nitaweza.

Barua hii usimwonyeshe dada yako.

Mama wa watu unaowajua


10 Aprili

Kasuku,

Nakuandikia kwenye meza yangu, ndani ya mlango wangu, ghorofa ya tatu. Subira, nikupe kwa mpangilio.

Alhamisi uliyomwonyesha Bi Mkubwa akipanda ngazi za nyumba waliyohamia kijana na mkewe, mto kwapani, nilimwona Mama ameacha kukunja. Bi Mkubwa akapiga hodi. Ukakata hapo, wewe mtoto mbaya, ukaweka matangazo ya sabuni! Chumba kizima kikapiga kelele. Mama peke yake aliendelea kutazama ile sabuni, vidole vimekamata shuka, na nikaona kwamba huyu mama mkali wa mtaa mzima anaogopa. Anaogopa mlango wa kwenye TV.

Sikungoja matangazo yaishe. Nikamwita jikoni. Nikasema, "Mama, nina mimba."

Kasuku, ungemwona! Alidondosha shuka. Akashika kichwa, akashika ukuta, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani kwenye viti. "Mimba! Tangu lini? Mbona hukuniambia? Na mimi nimekuwa nakufokea na makola!" Akamwita mume wangu, akamuuliza kama alijua, akampiga kofi la begani kwa kuficha. Profesa, ambaye kweli alikuwa hajui, akaonekana kama hajashangaa hata kidogo ukimlinganisha na Mama. Machozi yalimtoka mama yule. Mimi nilijua kwamba anajua, naye nadhani alijua kwamba nimejua, lakini alinipa siku yangu yote, nzimanzima, hakupunguza hata kidogo. Hakuna mwigizaji wako anayemfikia.

Kwa hiyo la pili likawa rahisi kidogo. Nikamwambia tunahama. Akafuta macho kwa aproni, akasema, "Na mimi nilitaka kile chumba niweke meza ya pili." Basi. Siku ya gari alipanga vyombo vyetu mwenyewe kwa sababu sisi hatujui kupanga. Nikamwambia Jumapili aje. Akasema ana kazi nyingi, haahidi kitu.

Leo ni Jumatano. Mchana huu nilikuwa nimejilaza, nikasikia mtu anapumua ngazini, anapumzika, anapanda tena. Halafu hodi. Hodi ya taratibu, ya mgeni. Kasuku, mwanamke huyu hajawahi kunibishia hodi maishani mwake, hata bafuni alikuwa anaingia na maelekezo.

Nikafungua. Amevaa nguo yake ya kutokea, ana jasho, ameshika kikapu. Macho yake yalikwisha kuona vumbi kwenye pazia, nikaona kabisa yalivyoona, akayarudisha kwangu.

Nikamwambia, "Mama, ingia, hapa ni kwako."

"Hapana," akasema. "Ni kwako. Mimi nimekuja kukutembelea."

Akavua viatu, akasimama katikati ya chumba na kikapu chake mkononi, akangoja nimwonyeshe pa kukaa.

Dada yako